Haki ipo kwenye waraka, mtoto anabaki na nani? Uchambuzi wa kisa cha binti mmoja wa Kanda ya Ziwa

Kabla hujaanza kusoma

Kisa hiki nimekiandika kwa ajili ya wenzangu tunaofanya kazi na vijana, yaani waelimishaji rika, wahudumu wa afya ngazi ya jamii, walimu wa malezi, manesi, na mzazi yeyote ambaye binti yake amepata mimba akiwa shule na hajui aanzie wapi. Jina sio lake, tumwite Neema. Wilaya siitaji, nasema tu ni Kanda ya Ziwa, na mambo madogo madogo nimeyabadilisha ili hata jirani yake akisoma asimjue. Nilimsomea mwenyewe kabla sijakitoa, kuna sehemu akasema dada hii itoe, nikaitoa.

Mazingira

Mwaka 2022 Neema alikuwa kidato cha tatu, umri miaka 18 maana alichelewa kuanza la kwanza, alikaa nyumbani kulea wadogo zake kwanza kama mabinti wengi wa huko. Alikuwa anaishi na bibi mzaa mama. Mama yake yuko mjini anafanya kazi za ndani, hela inakuja kwa simu ikipatikana, isipopatikana ndo hivyo. Baba hayupo. Mwenye kauli kwenye ukoo ni mjomba, na mjomba ana ng'ombe wachache na madeni mengi.

Ili uelewe kwa nini kila mtu kwenye kisa hiki alikuwa na woga inabidi ukumbuke tulikotoka. Kulikuwa na kanuni za mwaka 2002 zinazoruhusu mwanafunzi kufukuzwa kwa kosa la maadili au kwa kuolewa, na mimba ikawa inaingizwa humo humo. Alafu Juni 2017 Rais Magufuli akiwa Chalinze akasema hadharani kwamba mwanafunzi akipata mimba basi, ndani ya utawala wake hatarudi shule. Ikakaa hivyo mpaka tarehe 24 Novemba 2021 Waziri wa Elimu wa wakati huo, Profesa Joyce Ndalichako, alipotangaza kwamba wanaruhusiwa kurudi, ukatoka Waraka wa Elimu Namba 2 wa mwaka 2021 na Februari 2022 ukatoka mwongozo wake. Kwa hiyo Neema alipopata mimba zuio lilikuwa halijamaliza hata mwaka tangu liondoke, na kijijini kwao watu wengi bado walikuwa wanaishi na ile kauli ya Chalinze kichwani, walimu wakiwemo.

Na sio kwamba ni binti mmoja wa ajabu kapata bahati mbaya. Utafiti wa afya ya uzazi wa kitaifa wa mwaka 2022 ulikuta asilimia 22 ya mabinti wa miaka 15 hadi 19 Tanzania wameshawahi kupata mimba. Zaidi ya mmoja katika kila watano. Darasa la wasichana 25, wahesabu.

Kuna sheria moja zaidi ambayo lazima uijue maana imepita katikati ya kisa chote. Mwaka 2016 Sheria ya Elimu ilirekebishwa, anayempa mimba mwanafunzi wa msingi au sekondari anakabiliwa na kifungo cha miaka 30, na kumuoa au kumuozesha mwanafunzi nako ni kosa. Haijali kwamba binti ametimiza 18, akiwa mwanafunzi ni mwanafunzi.

Ilivyoanza

Septemba 2022 shule ilipima wasichana wote mimba. Walipangwa foleni nje ya ofisi kila mmoja na kikopo chake. Neema majibu yakaja ana mimba, mwalimu wa zamu akamwambia nenda nyumbani, mzazi aje. Basi. Hakupewa barua ya kufukuzwa wala ya ruhusa, hakuna kilichoandikwa popote, na bibi alipokwenda kesho yake akajibiwa kwamba mtoto atulie ajifungue kwanza mambo mengine baadae. Shikilia hapo kwenye kutokupewa barua, tutarudi, maana ndo palipotusumbua karibu kuliko pote.

Kijana mwenyewe alikuwa dereva wa boda, miaka 22. Walikuwa wanapendana, Neema hajawahi kusema vinginevyo na mimi siwezi kumwandikia stori ambayo sio yake. Mjomba akaenda kwao kijana kudai faini ya ng'ombe na kuweka sawa mambo ya ndoa, wazee wa pande zote wakakaa, wakakubaliana. Neema hakuitwa kwenye kikao hicho hata cha kuleta maji. Kijana aliposikia mtendaji wa kata ameanza kuulizia akakimbilia machimboni na mpaka leo simu yake haipatikani.

Sisi tulipata habari kupitia mhudumu wa afya wa kitongoji ambaye alipita kwa bibi kuhesabu vyandarua, akamkuta binti ana tumbo na hana kadi ya kliniki.

Alichotaka mwenyewe

Siku ya kwanza tulipofika watu wote walikuwa na mipango juu ya Neema. Mjomba alitaka aolewe. Bibi alitaka ajifungue salama alafu afundishwe cherehani. Mama kwenye simu alikuwa analia tu anasema nimemsomesha kwa kufua nguo za watu. Afisa ustawi wa jamii alikuwa na wazo zuri la kumhamishia shule ya wilaya ya jirani ambako hajulikani.

Tukaomba tukae nae peke yake, chini ya mwembe pale nyuma, bibi anatuona ila hasikii. Nikamuuliza wewe unataka nini. Akakaa kimya muda mrefu mpaka mwenzangu akataka kuongea, nikamshika mkono asubiri. Alafu Neema akaongea kama mtu ambaye alikuwa amepanga siku nyingi ila hakuna aliyeuliza:

"Dada, mimi nataka nimalize kidato cha nne, shule ileile yetu. Nataka niwe nesi. Sitaki kuolewa. Na mtoto wa pili nitazaa nikitaka mwenyewe, sio inikute tu."

Tukaiandika kwenye daftari kama alivyosema, maneno yake, tukamsomea akaweka saini. Ukisikia watu wanasema haki za afya ya uzazi kwa vijana unaweza ukadhani ni vitu vya semina mjini, lakini vilikuwa ni hivyo vinne, vimetoka kwenye mdomo wa binti wa kijijini ambaye hajawahi kuhudhuria semina yoyote.

Maamuzi tuliyofanya na kwa nini

*Ndoa.* Hii haikuwa na mjadala mrefu. Mtendaji wa kata alimweleza mjomba kwamba kumuozesha mwanafunzi ni jinai na yeye mjomba ndo atakaeingia ndani, sio wazee wa upande wa pili. Mjomba akaacha. Hakuacha kwa kushawishika, aliacha kwa kuogopa, na tuliliona hilo likijirudi baadae alipokataa kuchangia hata shilingi.

*Polisi.* Neema alituuliza kama lazima aende akamtaje. Tulimwambia ukweli kwamba sheria ikoje na kwamba taarifa imeshafika kwa mtendaji kwa hiyo dawati la jinsia na watoto watamtafuta, na kwamba hatutamlazimisha aseme kitu ambacho sio kweli. Alikwenda na bibi, akaongea, faili likafunguliwa. Halikufika popote. Kijana hayupo, familia walishamalizana, basi likakaa.

*Kliniki.* Hapa tulitaka haraka maana mimba ilikuwa imeshaingia mwezi wa tano hajapimwa presha hata mara moja, na binti wa umri ule mimba ya kwanza kifafa cha mimba kipo karibu. Zahanati ya kijiji ikamrudisha. Wanataka siku ya kwanza mama aje na mwenza, kama hana alete barua ya mwenyekiti wa kijiji inayothibitisha kwamba hana. Nia ya kuwahusisha wanaume naielewa na ni nzuri, ili wapime wote virusi vya UKIMWI pamoja. Lakini mfikirie mwanafunzi anaenda kwa mwenyekiti wa kijiji, mzee anayesali na bibi yake, kuomba barua ya kusema mimba yangu haina mwenyewe. Neema aligoma. Tuliamua mhudumu wa afya amsindikize na aongee na nesi kwamba huduma hainyimwi kwa sababu ya barua, nesi akakubali kwa shingo upande, akapimwa, akapewa FEFO (vidonge vya kuongeza damu) na SP (dawa ya kukinga malaria) na chandarua na kadi. Mambo mengine ya mimba yalikwenda vizuri. Bibi aliuza kuku akanunua vifaa vya kujifungulia, na Februari 2023 Neema akajifungua kawaida hospitali ya wilaya, mtoto wa kike.

*Uzazi wa mpango.* Wiki sita baada ya kujifungua, siku ya kliniki ya mtoto, Neema akamwambia nesi anataka vijiti. Nesi, sio yule wa kwanza, akamjibu mbele ya kina mama wengine kwenye benchi kwamba wewe ni mwanafunzi una haraka gani, au umeshapata mwingine? Akarudi nyumbani. Hakutuambia mpaka miezi ilipita.

Ngoja niseme hili polepole kwa sababu wengi wetu hatulijui vizuri. Miongozo ya uzazi wa mpango ya Tanzania haimbagui mtu kwa umri, wala kwa kuolewa, wala kwa idadi ya watoto alionao. Kijana anayo haki ya taarifa na huduma. Hakuna mahali panapotaka barua ya mume, na huyu tena ni mtu mzima wa miaka 19 kwa wakati ule. Kilichomrudisha Neema nyumbani siku ile sio sheria, ni mdomo wa mtu mmoja na masikio ya benchi zima.

Alipotuambia tayari tulikuwa tunapanga kurudi shule, na hapo kukawa na hatari ambayo yeye hakuijua. Bibi alikuwa amemwambia anaenyonyesha hashiki mimba. Ni kweli kwa masharti, mtoto awe chini ya miezi sita, anyonye maziwa ya mama tu usiku na mchana, na hedhi iwe haijarudi. Sasa binti anayekwenda kukaa darasani toka asubuhi mpaka alasiri hanyonyeshi mfululizo tena, na hapo ile kinga inapungua. Neema alisema hana mpango na mwanaume yeyote ila safari hii hataki kutegemea kwamba haitatokea. Nikaona ni akili kubwa kuliko ushauri wangu wote.

Tukaamua kumpeleka kituo cha afya kingine, mbali kidogo, ambako kuna mtoa huduma aliyefundishwa huduma rafiki kwa vijana na ana chumba chenye mlango unaofungwa. Neema alikuwa amesikia kwamba vijiti vinatembea mwilini vinafika kwenye moyo na kwamba ukiviweka huzai tena. Yule mama hakumcheka. Alitoa kijiti cha mfano akamwekea kiganjani, kidogo kama njiti ya kiberiti, laini, kinapinda, akamwambia kishike. Alafu akamshika mkono wa kushoto juu ya kiwiko, akamwonyesha kinakaa hapa chini ya ngozi, utakuwa unakigusa mwenyewe kila siku ujue kipo. Akamweleza hedhi inaweza kuvurugika, matone, au kukosa kabisa, na kwamba hakizuii UKIMWI wala magonjwa ya zinaa kwa hiyo kondomu ina kazi yake. Neema akauliza swali moja tu, nikitaka kitolewe kabla ya muda? Akajibiwa siku yoyote, hata kesho, mkono ni wako. Akachagua cha miaka mitatu. Tarehe ya kukitoa aliiandika kwenye kadi na akairudia kwenye jalada la ndani la daftari la kemia.

*Shule ipi.* Hapa ndo tulibishana sana wenyewe kwa wenyewe. Afisa ustawi alisisitiza kuhama kwa sababu ya aibu, na kulikuwa na njia nyingine pia, vituo vya Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima chini ya SEQUIP, mradi wa serikali wa kuboresha elimu ya sekondari, ambako mabinti walioacha shule wanasoma bure na kufanya mtihani. Vyote ni vizuri. Lakini Neema alisema shule ileile, na sababu yake ilikuwa ya hesabu kabisa: kutoka kwa bibi mpaka shule ni mwendo mfupi wa miguu, akihama atapanda gari, na mtoto ananyonya. Aibu itaisha, alisema, lakini umbali hautaisha. Tukamfuata yeye.

*Mkuu wa shule.* Mwalimu huyu sio mtu mbaya, nataka ijulikane. Alitupokea vizuri, akasema hilo la kurudi nililisikia redioni lakini mezani kwangu halijafika. Tukampa waraka tuliouprinti mjini. Akausoma wote, pole pole, kurasa zote, alafu akafungua daftari la mahudhurio na ndo tukakuta kwamba Neema ameandikwa mtoro. Mtoro! Kwa kuwa siku ile ya Septemba hakuandikiwa chochote, kwenye kumbukumbu za shule yeye ni mtu aliyeacha kuja kwa hiari yake, jina limefutwa, na mtoro aliyefutwa sio kesi ileile na mwanafunzi aliyekatiza masomo kwa mimba. Ikabidi afisa elimu kata aje, bibi atoe maelezo, kadi ya kliniki ioneshe tarehe, ndipo kumbukumbu ikasahihishwa. Ilichukua sehemu kubwa ya muhula.

Kurudi

Julai 2023 Neema aliingia kidato cha tatu na wadogo zake wa darasa la nyuma. Wenzake aliosoma nao walikuwa kidato cha nne wanamwangalia dirishani.

Mpango wa mtoto ulikuwa hivi. Asubuhi anamnyonyesha, anakamua maziwa kwenye kikombe safi chenye mfuniko, bibi anamnywesha kwa kikombe na sio chupa. Saa nne, wakati wa mapumziko, bibi anamleta mtoto kwa mama lishe anaeuza uji na maandazi nje ya geti la shule. Mama lishe huyu hatukumwomba sisi, bibi aliongea nae mwenyewe. Alitundika kanga kwenye kona ya kibanda chake, akaweka kigoda, na kila siku saa nne Neema alikuwa anavuka geti anakaa pale na sare yake ya shule ananyonyesha huku moshi wa kuni unamwingia machoni, alafu kengele ikigonga anafunga vifungo anakimbia. Mlinzi wa geti aliambiwa na mkuu wa shule amruhusu. Wanafunzi wa kiume walikuwa wanapita kuchungulia, mama lishe akawamwagia maji ya kuoshea vikombe, wakaacha.

Darasani kulikuwa na mwalimu anamwita "mama fulani" kwa jina la mtoto, darasa linacheka. Mwalimu wa malezi alikwenda kuongea nae ofisini, hakumuumbua, na akaacha. Hilo jambo dogo Neema analitaja mpaka leo kuliko vitu vingi tulivyofanya kwa gharama.

Oktoba bibi akaugua. Malaria kali, akalazwa, alipotoka hana nguvu za kubeba mtoto. Neema akakaa nyumbani wiki baada ya wiki, na safari hii mkuu wa shule mwenyewe alipiga simu kuuliza, hakusubiri. Tulitafuta kila mahali, hakuna fungu la mtu wa kulea mtoto wa mwanafunzi. Sare zipo, madaftari yapo, taulo za kike zipo, baiskeli hata tuliwahi kupewa. Mlezi hakuna. Mwisho mama yake Neema akaamua kukata kwenye mshahara wake wa kazi za ndani akawa anamlipa jirani. Yaani mwanamke anaelea watoto wa watu mjini ili alipe mtu amlee mjukuu wake kijijini. Hiyo ndo ilimrudisha Neema darasani.

Matokeo

Alifanya mtihani wa taifa wa kidato cha nne Novemba 2024. Alifaulu masomo mengi, biolojia na kemia akapata D, Kiswahili vizuri sana. Fizikia F. Kozi ya unesi inataka angalau D kwenye biolojia, kemia na fizikia, kwa hiyo mlango ule haukufunguka moja kwa moja. Muhula aliopoteza kwenye ile ishu ya utoro ulikuwa na mada za mwanzo za fizikia ya kidato cha tatu, na shule ilikuwa na mwalimu mmoja wa fizikia kwa shule nzima. Amejisajili kurudia fizikia kama mtahiniwa wa kujitegemea, mchana anafanya kazi na yule yule mama lishe.

Hajaolewa. Hajapata mimba nyingine. Mtoto anakua, chanjo zote amemaliza. Kesi ya polisi haijaendelea, na upande wa kijana hawajawahi kuleta matunzo.

Kwenye yale manne aliyosema chini ya mwembe, matatu yamesimama na moja bado anapigania.

Uchambuzi: kilichofanya kazi

Kumuuliza kwanza. Sisemi hivi kwa uzuri wa maneno. Angalia ni wapi mpango ungevunjika kama tungefuata mawazo yetu. Angehamishwa shule, asingenyonyesha saa nne, na nina hakika asingemaliza hata mwezi. Angepelekwa cherehani kama bibi alivyotaka, angekuwa fundi wa kulazimishwa. Kila uamuzi uliosimama mpaka mwisho ulitoka kwake, na yaliyoyumba, kama lile la polisi, yalikuwa yanaendeshwa na watu wengine juu ya kichwa chake.

Karatasi mkononi. Waraka wa 2021 ulifanya kazi ambayo maneno yetu yasingefanya. Mkuu wa shule hakuwa anapinga, alikuwa anaogopa kukosea, na mtumishi anaeogopa anahitaji kitu chenye saini ya mkubwa wake. Ukienda shule kwa kesi kama hii usiende na hoja za haki za binadamu, nenda na nakala mbili, moja umwachie.

Mtoa huduma mwenye mlango unaofungwa. Tofauti ya zahanati ya kwanza na kituo cha pili haikuwa dawa wala vifaa, vijiti vilikuwepo kote kuwili. Ilikuwa faragha na namna ya kumjibu binti.

Na watu ambao hawapo kwenye ripoti yoyote, bibi, mama lishe, mama anaekata mshahara. Ripoti zetu huwa zinaandika "jamii ilishirikishwa". Hapa jamii ilikuwa wanawake watatu.

Uchambuzi: kilichokwama

Kupima mimba bila utaratibu wa baada ya kupima. Kama shule inapima na majibu yake ni nenda nyumbani, basi kipimo kile kinamtoa binti shule tu, hakimlindi na chochote. Siku ile ile ilitakiwa iandikwe tarehe, sababu, na kwamba nafasi yake ipo, na apelekwe kliniki. Barua ya nusu ukurasa ingeokoa muhula mzima. Mabinti walioandikwa watoro kwenye madaftari ya shule zetu ni wengi, na kama unafanya kazi hii nakusihi anzia hapo, omba daftari la mahudhurio ulisome kabla hujaongea kitu kingine.

Ile miaka 30. Najua wengi mtanipinga na najua kwa nini ipo, kuna wanaume wazima wanaoharibu watoto wa shule na wanastahili jela bila huruma. Lakini kwenye kisa hiki, kijana wa 22 na binti wa 18 waliopendana, ilichofanya ni kumkimbiza baba wa mtoto, kuzifanya familia zimalizane gizani, na kumfanya Neema afiche tumbo mpaka mwezi wa tano kwa sababu aliamini kliniki watamuuliza jina. Alikosa miezi ya mwanzo ya huduma kwa sababu ya woga huo. Sheria ambayo haitofautishi mzee anaewinda watoto na wapenzi waliopishana miaka minne inawafanya mabinti wakimbie hospitali, na hilo lazima tuweze kulisema kwa sauti bila kuonekana tunatetea uovu.

Malezi ya mtoto. Waraka unafungua mlango wa shule kwa mama, hausemi mtoto anakaa wapi saa moja asubuhi. Mpango wetu wote ulimtegemea bibi mmoja mwenye umri wake, na bibi alipoanguka mpango ukaanguka. Wanaopanga bajeti za kurudisha mabinti shule waweke hela ya mlezi kabla ya sare, sare mtu anaweza kushona hata ya mtumba. Na shule zinaweza kutenga hata stoo ndogo yenye mlango, mkeka na ndoo ya maji, ili mama mwanafunzi asinyonyeshe kwenye moshi wa kibanda cha mtu. Mkuu wa shule tulimwomba hilo, akasema atalipeleka kwenye kikao cha bodi. Limepelekwa, bado halijajibiwa.

Masomo ya fidia. Alirudi katikati ya mwaka akaambiwa akamate hapo walipo wenzake. Hakuna aliyekaa nae kumwonyesha kilichopita. Mwanafunzi anaetaka unesi na amekosa mada za mwanzo za fizikia alihitaji hata jioni mbili kwa wiki, na hilo lilikuwa ndani ya uwezo wa shule kwa kutumia wanafunzi wa kidato cha nne wenyewe.

Nesi wa zahanati ya kwanza aliyemjibu Neema mbele ya benchi nae amebaki kama alivyokuwa. Tulimtolea taarifa kwa mratibu wa afya ya uzazi wa wilaya, wakaongea nae, hakupelekwa kwenye mafunzo yoyote. Na kwa siku ya kwanza ya kliniki ya mimba zahanati hiyo bado inataka mwenza au barua ya mwenyekiti, mpaka wiki hii ninapoandika.